Ukuta Uliopokelewa: Historia ya Ugomvi wa Rangi kati ya Mwenye Nyumba na Mpangaji

Mpangaji anapofunga mizigo yake ili ahame, neno la mwisho kati yake na mwenye nyumba mara nyingi si kodi, kwa maana kodi ya mwezi hujulikana na hesabu yake ni fupi. Neno la mwisho ni ukuta. Mwenye nyumba huingia chumba kwa chumba, hutazama matundu ya misumari, moshi wa mbabula jikoni na alama za mikono ya watoto kando ya mlango, kisha hutaja bei ya rangi na ya fundi. Bei hiyo hukatwa katika garanti iliyotolewa siku ya kuingia, na pengine huimeza yote. Hapo huanza mazungumzo ambayo watu wa Lubumbashi wanayafahamu sana. «Papa, nilikupatia nyumba ya muzuri», husema mmoja. «Apana, nilikuta ni vile vile», hujibu mwingine.

Ni nani kati ya hao wawili atakayesadikiwa ikiwa hakuna shahidi wala karatasi? Swali hilo lina jibu la kisheria, na jibu lenyewe ni la zamani kuliko mji wa Lubumbashi. Lilitolewa Paris mwaka 1804, likapita Ubelgiji, likafika Kongo mwaka 1888. Historia ya ugomvi wa rangi ni kwanza historia ya jibu hilo.

Sheria ya Kiraia ya Wafaransa, iliyotangazwa tarehe 21 Machi 1804 wakati wa Napoléon Bonaparte, ilitofautisha hali mbili. Ikiwa pande mbili ziliandika hati ya kueleza hali ya nyumba mwanzoni, mpangaji hupaswa kuirudisha kama alivyoipokea kwa mujibu wa hati hiyo, isipokuwa kile kilichoharibika kwa uchakavu au kwa nguvu isiyozuilika. Lakini ikiwa hati haikuandikwa, mpangaji huhesabiwa kwamba aliipokea nyumba katika hali njema kwa upande wa matengenezo yanayomhusu, naye atairudisha hivyo hivyo, isipokuwa aweze kuthibitisha kinyume chake. Kanuni ya pili ndiyo yenye uzito. Kwa juu juu yaonekana kama utaratibu tu wa mahakama, ila kwa kweli inageuza kimya kuwa ushahidi, na ushahidi huo humsaidia mwenye nyumba. Yeye hana haja ya kuonyesha jinsi ukuta ulivyokuwa miaka mitano iliyopita. Ni mpangaji anayetakiwa kuuonyesha, ilhali ukuta wenyewe umekwisha kubadilika.

Sheria ile ile iliorodhesha matengenezo madogo yanayomhusu mpangaji, kama mkataba haukusema vingine: vioo vya madirisha visivyovunjwa na mvua ya mawe, bawaba, makufuli, vigae vichache vya sakafu, na pia kupiga lipu upya sehemu ya chini ya kuta za vyumba, hadi kimo cha mita moja. Kipimo hiki kinastahili kutazamwa kidogo. Watunga sheria walijua kwamba ukuta hauchakai sawasawa. Chini hupigwa na viti, meza, ndoo, miguu na fagio, kwa hiyo uharibifu wa hapo huweza kuhusishwa na mkazi. Juu ya mita moja, ukuta huchakaa kwa miaka na kwa hewa, na hayo si matendo ya mtu. Mara baada ya orodha hiyo, sheria iliongeza kwamba hata matengenezo hayo madogo hayamhusu mpangaji yakiwa yametokana na uchakavu peke yake. Basi tangu mwanzo mpangaji hakuandikiwa deni la wakati. Aliandikiwa deni la uharibifu. Ugumu ni kwamba deni la pili ni rahisi sana kulitumia kuficha la kwanza, hasa pale ambapo hakuna hati.

Ubelgiji, ulipopata uhuru mwaka 1830, uliendelea kutumia sheria ya Wafaransa. Kwa njia hiyo Dola Huru la Kongo, lililoundwa mwaka 1885 chini ya mfalme Léopold II, lilipata amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ilichukua kanuni za upangishaji kutoka katika chimbuko hilo hilo. Elisabethville haikuwa imezaliwa bado. Ingezaliwa mwaka 1910. Kanuni ya ukuta ilifika nchini kabla ya kuta za matofali za Katanga kujengwa.

Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikuwagusa Waafrika wengi wa mjini, kwa sababu hawakuwa wapangaji kwa maana ya sheria. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi ilimtaka mwajiri kumpa mfanyakazi wake makao. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipochagua siasa ya kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao, kambi hizo zikawa mitaa kamili. Nyumba ilikuwa sehemu ya ujira kama posho. Kampuni ilijenga, kampuni ilikagua, na ukuta ulikuwa jambo la kampuni. Mtu alipopoteza kazi alipoteza nyumba pia, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko bei yoyote ya rangi. Ila hakuna aliyemdai garanti, na hakuna aliyemfundisha kuandika hali ya nyumba siku ya kuingia. Ukarimu huo wa kampuni, ikiwa ni haki kuuita ukarimu, uliwaacha watoto wa kambi bila desturi ambayo wangeihitaji sana baadaye.

Nje ya kambi mambo yalikuwa mengine. Katika mtaa ulioitwa Cité Albert, leo Kamalondo, kisha Kenia na Katuba, mwenye lupango aliweza kuongeza chumba uani na kumpa mtu kwa malipo. Ukuta wa matofali ya udongo ulipakwa chokaa, ambayo ni nafuu na hupakwa upya bila fundi. Chokaa haina ugomvi mkubwa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba haidumu. Rangi ya mafuta na rangi ya maji za viwandani zilileta wazo jingine, yaani ukuta unaopaswa kubaki kama ulivyo na unaogharimu fedha nyingi kuurudisha katika hali yake.

Lakini rangi peke yake isingeleta ugomvi ulivyo sasa. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière mwaka 1967, ilizalisha shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 ilizalisha chini ya tani 40,000. Mishahara ilichelewa, kisha ikakatika, na kwa familia nyingi chumba cha kupangisha kikawa mshahara. Wakati huo huo fedha ya Zaire iliyeyuka. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Garanti iliyotolewa kwa zaire ilikuwa karibu karatasi tupu mpangaji alipohama. Mtu hagombani kwa karatasi tupu. Dola ya Marekani ilipozoeleka katika mikataba ya nyumba, garanti ilianza kushika thamani yake miaka mitano au kumi, na ndipo ikawa kitu cha kupiganiwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: rangi haikuwa ghali kuliko zamani, ni garanti iliyoanza kudumu, na rangi ikawa sababu iliyo karibu zaidi ya kuizuia.

Isidhaniwe kwamba mwenye nyumba ni mkorofi daima. Mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili hupokea fedha ya garanti, huilipia karo au dawa, na siku mpangaji anapohama hana tena ya kurudisha. Kuna pia mpangaji aliyepaka chumba rangi nyekundu kali kwa duka la kunyoa, au aliyewasha mbabula ndani kila umeme ulipokatika mpaka dari likawa jeusi. Huo ni uharibifu, wala hauwezi kuitwa uchakavu. Shida ni kwamba madai ya haki na madai ya hila hutamkwa kwa maneno yale yale.

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji usio wa kitaaluma ilikuja kupunguza ukubwa wa kile kinachogombewa. Garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Ugomvi hupelekwa kwanza kwa idara ya makazi ili kupatanishwa, kabla ya kufika mahakama ya amani. Hayo ni mema, ijapokuwa mjini garanti za miezi mingi zaidi hazikukoma. Hata hivyo kikomo cha garanti hakijibu swali la ukuta. Kinapunguza tu kiasi kinachoweza kupotea.

Ubelgiji wenyewe, uliokuwa daraja la kanuni hiyo kuja Kongo, uliigeuza. Sheria ya tarehe 29 Desemba 1983 ilitamka kwamba pasipo hati yenye maelezo kamili, mpangaji huhesabiwa kwamba aliipokea nyumba katika hali ile ile iliyo nayo siku ya kutoka. Mzigo wa kuthibitisha ukahamia kwa mwenye nyumba. Matokeo yalikuwa rahisi kutabiri: wenye nyumba wenyewe wakawa na hamu ya kuandika hati, na mwaka 2007 sheria ikaifanya kuwa lazima kwa pande zote mbili, kwa gharama ya pamoja. Ufaransa ilishika njia nyingine. Ilibaki na kanuni ya 1804, lakini ikamnyima faida yake yule anayezuia hati isiandikwe, na amri ya tarehe 30 Machi 2016 ikafafanua uchakavu na kuruhusu pande mbili kukubaliana jedwali la miaka kwa kila kitu cha nyumba.

Jedwali la namna hiyo halihitaji elimu kubwa. Pakikubaliwa kwamba rangi huishi miaka 8, na mpangaji akahama baada ya miaka 6, robo moja tu ya maisha ya rangi ndiyo imebaki. Kazi ikigharimu dola 200, anayestahili lawama kwa ukuta uliochafuliwa atadaiwa dola 50, si 200. Akikaa miaka 8, hadaiwi kitu kwa rangi, hata kama ukuta umechoka kabisa. Hesabu hii humkasirisha mwenye nyumba anapoisikia mara ya kwanza, kwa sababu anatazama ukuta na kuona fedha zake. Lakini kodi aliyopokea kwa miezi 96 ililipia pia kuchakaa kwa ukuta huo.

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, mwenye nyumba anayepaka upya kabla ya mpangaji mwingine kuingia hupaka sehemu ya chini ya ukuta kwa rangi ya mafuta ya kahawia au ya kijivu, karibu na kimo cha kiuno, na juu yake rangi ya maji nyeupe au ya krimu. Fundi hajasoma sheria ya 1804. Anajua tu mahali viti vinapogonga na mahali udongo mwekundu unaporuka wakati wa mvua. Siku hiyo, rangi ikiwa bado mbichi, mpangaji mpya hupewa funguo, huhesabu garanti mbele ya komisionere, na kuingiza magodoro. Karatasi inayotiwa sahihi hutaja kodi, garanti na tarehe. Mara nyingi juu ya kuta haisemi neno.