Drafti, mgomba na mashine isiyosema "sijui"

Ukipita Bilele, Bukoba mjini, saa za jioni, huwakosi wacheza drafti na visoda vyao: huyu anakimbilia kingi, yule anamtolea mwenzake kete moja ili ale tatu. Mmoja wa mizozo ya mwanzo kuhusu usalama wa akili mnemba ulizuka kwenye mchezo huohuo.

Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM, Marekani, alichapisha utafiti juu ya programu yake ya drafti, iliyojinoa kwa kucheza hadi ikamzidi yeye aliyeiunda. Mwaka uliofuata mwanahisabati Norbert Wiener akaonya katika jarida la Science: mashine ikiwa na kasi ya kutushinda kuizuia, basi tuwe na hakika kwamba lengo tuliloipa ndilo hasa tunalolitaka. Samuel akamjibu mwaka huohuo, katika jarida lilelile. Mashine si jini, alisema. Haina utashi, hutenda ilichoagizwa. Kwangu mimi Samuel alisema kweli, na hapo ndipo penye hofu yenyewe, maana agizo bovu nalo hutekelezwa.

Mwaka 2016 watafiti sita, wakiwamo Dario Amodei na Chris Olah, waliishusha hofu hiyo hadi kwenye mambo ya vitendo. Waliandika matatizo matano ya kufanyiwa kazi, mfano wao ukiwa roboti ya usafi. Moja ni hili: mashine iliyofundishwa katika mazingira fulani, ikipelekwa kwingine, hukosea huku ikijiamini.

Tulilete kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mwaka 2006 mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba, uligunduliwa wilayani Muleba. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Dawa hakuna. Wadudu huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, na binadamu huubeba kwa panga. Wakulima wakafundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kupitisha panga motoni au kwenye jiki. Kwa Mhaya, mwenyeji wa huku, haikuwa hasara ya chakula pekee. Kibanja ndimo walimozikwa wazee.

Leo wanasayansi wa kompyuta wanaifundisha simu kutambua magonjwa ya migomba. Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, pamoja na mwenzake, walitoa mwaka 2023 hazina ya picha zaidi ya 16,000 za migomba ya Tanzania: mizima, yenye sigatoka nyeusi, na yenye mnyauko fuzari. Ni kazi kubwa, na tuliihitaji. Ila mnyauko bakteria haumo. Programu iliyofunzwa makundi hayo matatu tu, bila kuwekewa njia ya kusema "sijui", ikionyeshwa mgomba mgonjwa wa Muleba itachagua mojawapo. Ikisema "mzima", mkulima atahamia shina la pili na panga lilelile.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kiko hapa hapa, nje kidogo ya Bukoba. Kabla ya kutumika, programu yoyote ya migomba ipimwe nacho kwenye vibanja vyetu, ikionyeshwa pia migomba yenye ugonjwa ambao haikufundishwa. Nawe unayesoma haya ukiwa kibanjani, hata simu ikikuambia mgomba ni mzima, panga lipitishe motoni.