Mgonjwa Aliyepata Nafuu

Kwetu mgonjwa akiulizwa hali hujibu kwanza "sijambo", hata kama hawezi kuinuka kitandani. Akibanwa zaidi atasema ana nafuu kidogo, namshukuru Mungu. Hiyo ni adabu, si taarifa ya daktari. Lakini zipo nchi ambako neno hilo, likishaandikwa kwenye fomu ya serikali, laweza kuondoa chakula cha nyumba nzima. Miongoni mwa nchi hizo, ile ambayo historia yake imenishughulisha zaidi ni Marekani.

Mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo liliongeza katika mpango wa Hifadhi ya Jamii malipo ya kila mwezi kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu, ilimradi awe ametimiza miaka 50. Mwaka 1960 sharti hilo la umri likafutwa. Malipo hayo si sadaka, kwani mtu huyachangia kwa kukatwa mshahara wake angali mzima. Anayelipwa naye ana wajibu wake: hali yake ikiwa bora, au akirudi kazini, sharti atoe taarifa. Mimi sina ubishi na wajibu huo. Fedha za umma haziwezi kumlipa milele mtu aliyekwisha kupona. Swali ni nani aipime nafuu hiyo, na mtu ale nini wakati inapimwa.

Tazama kisa cha George Eldridge, mfanyakazi wa jimbo la Virginia, aliyeanza kulipwa mwaka 1968 kwa ajili ya maradhi ya mgongo na wasiwasi wa kudumu. Machi 1972 alipelekewa fomu ya maswali kuhusu afya yake. Akaijaza, akaeleza kwamba hali yake haijawa bora, akataja na waganga waliokuwa wakimtibu. Wakubwa walisoma ripoti za daktari wake na za mtaalamu wa magonjwa ya akili, wakaamua kwamba ulemavu wake umekwisha. Eldridge akawajibu kwa maandishi kuwa ushahidi wanao wa kutosha, tena ugonjwa wake wa mgongo wameuandika sivyo. Hata hivyo malipo yakasimamishwa. Alikwenda mahakamani akidai jambo moja tu, nalo ni kwamba asikilizwe kwanza, akiwa mbele ya watu, kabla ya kukatiwa. Tarehe 24 Februari 1976 Mahakama ya Juu ilimkatalia. Ilisema mambo haya hutegemea zaidi karatasi za waganga, na kwamba nafasi ya kusikilizwa baadaye inatosha. Jaji Brennan hakukubaliana na wenzake. Aliandika kwamba nyumba ya Eldridge ilikwisha kuchukuliwa kwa deni, samani nazo zimebebwa, na baba, mama na watoto wakawa wanalala kitanda kimoja. Nimesoma hukumu nyingi, lakini kitanda hicho sikisahau.

Mambo yakazidi kuwa mabaya. Mwaka 1980, chini ya Rais Carter, ilipitishwa sheria kwamba kila anayelipwa, isipokuwa yule ambaye ulemavu wake ni wa kudumu, achunguzwe upya angalau mara moja kila miaka mitatu. Kazi hiyo ilipaswa kuanza Januari 1982. Serikali ya Rais Reagan, iliyokuwa ikitafuta mahali pa kupunguza matumizi, iliianza Machi 1981. Hapo ndipo palipo na ajabu: mchunguzi hakulazimika kuonyesha kwamba mgonjwa amepata nafuu. Alimpima kana kwamba ni mwombaji mpya aliyebisha hodi leo. Hivyo mtu aliyekubaliwa miaka ya nyuma aliweza kukataliwa ilhali mwili wake ni uleule. Wagonjwa wa akili waliumia sana, maana wengine hata barua zenyewe hawakuweza kuzijibu. Watu wapatao 490,000 walikatiwa malipo, na kiasi cha 200,000 kati yao wakarudishiwa baada ya kukata rufaa. Ofisi inayokosea kiasi hicho haipimi maradhi, inapunguza majina.

Miongoni mwa walioambiwa kwamba malipo yao yatasimama alikuwa Roy Benavidez, askari wa Texas aliyejeruhiwa zaidi ya mara 30 katika pambano la siku moja huko Vietnam mwaka 1968. Reagan mwenyewe alikuwa amemvisha Medali ya Heshima, ile ya juu kabisa, tarehe 24 Februari 1981. Mwaka 1983 Benavidez alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na malipo yake yakaendelea. Kwake ilisaidia kuwa mashuhuri. Fundi mwashi asiye na medali angepata wapi kamati ya kumsikiliza?

Majimbo kadhaa yaligoma kuendelea na uchunguzi huo, mahakama zikatoa amri baada ya amri, na mwaka 1984 serikali ikausimamisha. Oktoba mwaka huohuo sheria mpya ilitiwa saini, baada ya kupita kwa kura 402 kwa sifuri katika Baraza la Wawakilishi, na 99 kwa sifuri katika Seneti. Tangu hapo, kwa kawaida serikali haiwezi kumkatia mtu mpaka ionyeshe kwa ushahidi kwamba afya yake imekuwa bora, tena kiasi cha kuweza kufanya kazi. Hata kabla ya hapo, Januari 1983, iliruhusiwa mtu aendelee kulipwa wakati rufaa yake ya kwanza ikisubiri kusikilizwa, ingawa akishindwa anaweza kudaiwa azirudishe. Eldridge angekuwa na kitanda cha pili.

Lakini hofu ya kusema "nina nafuu" haikuisha kwa sheria hiyo. Tangu 1960 mtu alikuwa na miezi tisa ya kujaribu kazi bila kupoteza malipo, na hilo lilikuwa jambo la busara. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya mwezi wa kumi na kuendelea. Maradhi mengi hayaendi kwa mstari ulionyooka. Mwenye mgongo mbovu anaweza kulima wiki mbili, kisha akalala mwezi mzima. Mtu kama huyo akishajua kwamba akitoka hatarudi, hatathubutu kujaribu, na ukimya wake huitwa udanganyifu. Sheria iliyopitishwa mwaka 1999 ililigusa jambo hili: aliyeondoka kwenye malipo kwa sababu ya kazi, akishindwa tena kwa maradhi yaleyale ndani ya miaka mitano, anaweza kuomba arudishwe bila kuanza maombi mapya, na hulipwa kwa muda hadi miezi sita wakati ombi lake likiangaliwa.