Majaribio ya nyuklia ya Sahara

Majaribio ya nyuklia ya Sahara ni milipuko 17 iliyofanywa na Ufaransa kusini mwa Algeria kuanzia 1960 hadi 1966. Minne ilifanywa juu ya ardhi karibu na Reggane, na 13 ndani ya mlima huko In Ekker. Bomu la kwanza, Gerboise Bleue, lilibeba jina la panya wa jangwani. Lililipuliwa tarehe 13 Februari 1960, likiwa na nguvu ya kilotani 70 hivi, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima.

Msafara wa Accra

Novemba 1959 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiomba Ufaransa iachane na jaribio hilo, lakini haikusikia. Tarehe 6 Desemba watu 19 waliondoka Accra kwa magari, wakikusudia kufika Reggane na kuketi palepale bomu litakapolipuliwa. Walikuwemo Waghana wengi, Mmarekani Mweusi Bayard Rustin, mwenzake Bill Sutherland, kasisi Mwingereza Michael Scott, Ntsu Mokhehle wa Basutoland, na hata Mfaransa, Pierre Martin. Serikali ya Kwame Nkrumah iliwaunga mkono waziwazi. Waziri wake wa fedha, K. A. Gbedemah, aliongoza baraza la Ghana la kupinga silaha za nyuklia.

Walipovuka mpaka na kuingia Volta ya Juu walizuiwa Bittou na askari wa Kifaransa. Wakakaa hapo siku kadhaa, wakigawa vipeperushi na kuzungumza na wanavijiji, wala hawakumnyanyulia mtu mkono. Walirudishwa Ghana, wakajaribu tena mara mbili, wakarudishwa tena. Ujasiri wao haukulizuia bomu, ila uliifanya Sahara kuwa jambo la Afrika nzima: Ghana ilizuia mali za Wafaransa, na Januari 1961, baada ya mlipuko wa tatu, Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris.

In Ekker

Tarehe 1 Mei 1962, katika jaribio la Béryl, mlima ulipasuka na wingu la mionzi likatoka. Mawaziri wa Ufaransa Pierre Messmer na Gaston Palewski walikuwepo na walipatwa na mionzi hiyo. Milipuko 11 ilifanyika Algeria ikiwa tayari huru, kwa ruhusa ya Mapatano ya Évian kati yake na Ufaransa.

Wenyeji

Watuareg na wakulima wa Touat waliishi jirani na vituo vya majaribio vya Reggane na In Ekker.

Baadaye

Mwaka 1966 Ufaransa ilihamishia majaribio Polinesia. Sheria yake ya fidia kwa walioathiriwa na majaribio ni ya 2010. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika 2009.