Pisini inayochubua miguu, na mtu aliyezikwa Mikeno



Wakati wa staji yangu, mwenye hoteli moja alituita juu ya pisini yake. Watoto walikuwa wanatoka majini na vidole vya miguu vimechubuka. Sisi vijana wa ujenzi tulimwambia kwamba ile simenti ya ndani imechoka. Akatujibu: «Mupake tu rangi, wageni banakuya Noeli.» Tukapaka. Kabla ya Pasaka rangi ilikuwa inatoka kama ngozi ya nyoka, na vipande vya simenti vikaifuata. Yeye alipoteza pesa, na sisi tulibaki na haya. Njo pale nilianza kusoma historia ya kazi hii. Kumbe historia ile ilinizungusha mbali, kisha ikanirudisha kwetu, mpaka mlima Mikeno.

Tuanzie Chicago, Marekani. Mwaka 1893 kulifanyika pale maonyesho makubwa ya dunia. Majumba mengi yalisimamishwa haraka na kuvalishwa plasta iliyochanganywa na nyuzi. Yaling'aa meupe kama marumaru, lakini hayakujengwa ili yadumu. Jumba la sanaa lilikuwa na matofali ndani, kwa hiyo lilibaki na kufanywa makumbusho. Ngozi yake ya nje, hata hivyo, ilikuwa ile ile ya haraka. Mvua, barafu na upepo wa ziwa Michigan viliila mwaka kwa mwaka mpaka ikaanza kubanduka.

Ndani ya makumbusho yale alifanya kazi Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia wanyama waliokufa umbo lao ili watu wawatazame. Alikuwa na chombo kidogo cha kupuliza plasta. Mwaka 1907, wakati kuta za nje zilikuwa zimechakaa mpaka zinaleta aibu, alikikuza kile chombo. Hewa yenye nguvu inasukuma unga mkavu ndani ya mpira mrefu, na maji yanakutana na unga pale mwishoni tu, kwenye mdomo. Mchanganyiko unapiga ukuta kwa kasi, unajibana, unashika. Mwaka 1911 alipata hati ya uvumbuzi. Chombo kikajulikana kama bunduki ya simenti.

Wajenzi waliona haraka kwamba bunduki ile inaweza kufanya mengi kuliko kutengeneza kuta za makumbusho. Ilitumika kwenye matuneli, mabwawa ya umeme, na baadaye pisini. Zamani ganda la pisini lilihitaji kofraji ya mbao pande zote. Sasa unachimba shimo kwa umbo unalotaka, unafunga vyuma, unapuliza simenti na mchanga juu yake. Njia hii ilipunguza kazi, na sehemu kama California pisini zikaingia mpaka kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Lakini ganda lile si njo mwogeleaji anagusa. Juu yake kuna tabaka jembamba, kama sentimita 1 tu, la simenti nyeupe na unga wa marumaru. Tabaka hili ndilo linazuia maji na kufanya ukuta uwe laini. Na ndilo linalochakaa. Likitunzwa, mara nyingi linadumu miaka 10 mpaka 15, au zaidi kidogo.

Kwa nini linachakaa? Juu simenti ina kalsiamu, na maji yanaipenda. Maji yenye asidi, au maji laini kama ya mvua ambayo hayana kalsiamu yake, yanaichukua ukutani. Hayaulizi mtu. Kila siku yanakula kidogo, mpaka ule ulaini unakuwa kama msasa, na uchafu wa kijani unapata mahali pa kujificha.

Dalili ni hizi. Pitisha mkono ukutani: kama unakwaruza, maji yamekwisha kula. Tazama madoa: kama rangi ya kijivu ya ganda inaonekana, tabaka limekwisha pale. Doa la kutu linakuambia kwamba chuma kilichofungwa mule ndani kimeguswa na maji, na hilo si jambo la kungoja. Kisha gonga kwa mpini wa nyundo. Sauti nzito ni nzuri. Sauti ya kitu kitupu, sawa ngoma, maana yake tabaka limeachana na ganda. Mwisho, pima kama maji yanapotea. Weka ndoo yenye maji juu ya ngazi ya pisini, tia alama ndani ya ndoo na alama kwenye ukuta, ngoja saa 24. Kama pisini imeshuka kuliko ndoo, si jua peke yake linakunywa.

Dawa inategemea dalili. Ukwaruzo mdogo unaweza kusuguliwa. Kuosha kwa asidi kunaondoa madoa, lakini kila safari kunaondoa pia sehemu ya tabaka. Mahali panapolia kama ngoma, lazima uvunje mpaka ufike kwenye ganda gumu, usafishe, kisha upake upya. Hapo rangi haisaidii kitu, inafunika tu ugonjwa. Njo kosa letu lilikuwa lile.

Angalizo moja kwa vijana wenye haraka: usitoe maji yote bila kujua maji ya ardhini yako wapi. Wakati wa mvua nyingi, pisini tupu inaweza kusukumwa juu kama mtumbwi, na ganda likapasuka. Na tabaka jipya likikamilika, jaza maji bila kusimama, piga burashi kila siku wiki za kwanza, na chunga pH ikae kati ya 7.2 na 7.8, na kalsiamu iwe kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita.

Na lile jumba la Chicago? Bunduki ya simenti haikuliokoa milele. Baadaye lilivuliwa plasta yote na kuvalishwa jiwe, na mwaka 1933 lilifunguliwa tena kama makumbusho ya sayansi na viwanda.

Akeley mwenyewe hakuona siku ile. Mwaka 1921 alikuja kwenye milima yetu, akaua sokwe wa milimani kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kisha alibadilika, akaanza kuomba walindwe wakiwa hai. Mwaka 1925 mfalme Albert wa Ubelgiji alitia sahihi kuanzisha mbuga ambayo leo tunaiita Virunga. Novemba 1926 Akeley alirudi, akafa palepale, akazikwa Kabara, chini ya Mikeno.

Tunapita njia ya Rutshuru, tunautazama mlima ule wa mita 4,437, na wengi wetu tunaandika TFC juu ya simenti bila kujua nani analala kule. Mimi sikujua. Safari ijayo mwenye hoteli akiniambia nipake rangi, nitachukua kwanza nyundo nigonge ukuta, yeye mwenyewe akisikiliza.