Kamera za ulinzi kijijini: angalia umeme na mtandao kabla ya kamera

Ukiingia duka la mjini kununua kamera za ulinzi, muuzaji atakuuliza unataka ngapi na za megapikseli ngapi. Kwa mtu wa kijijini hayo ni maswali ya mwisho. Kamera iliyofungwa mahali pasipo na umeme wa uhakika wala mtandao ni pambo la ukutani, hata iwe ya bei kubwa namna gani. Kabla hujauza gunia au mbuzi ili ununue, jibu kwanza maswali haya manne.

1. Umeme uko wa namna gani?

Mfumo wa waya wa kamera nne una kinasa, yaani kisanduku kinachorekodi saa zote. Kwa pamoja vinaweza kula takribani wati 40. Zidisha kwa saa 24 upate wati-saa 960 kwa siku. Betri ya sola ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiimaliza yote unaiua mapema. Ukitumia nusu, yaani 600, mfumo wako utazima baada ya saa 15 kama hakuna jua. Kwa hiyo mfumo huu unafaa nyumba yenye umeme wa gridi, na betri iwe ya kushikilia tu umeme unapokatika.

Kama nyumba haina umeme, au unataka kulinda zizi lililo mbali, tafuta kamera yenye sola yake. Kamera ya aina hii hulala, kisha kitambuzi chake kikihisi joto la kiumbe kinachopita huamka na kurekodi. Ndiyo maana inatumia umeme kidogo. Lakini mara nyingi hukosa sekunde za mwanzo, na hata mbuzi akipita itaamka. Chagua ambayo paneli yake imetengana na kamera, ili paneli ikae juani na kamera ikae chini ya upenu. Wakati wa masika jua huwa dogo, hivyo paneli ndogo sana itakuangusha. Wakati wa kiangazi ifute vumbi mara kwa mara.

2. Mtandao unafika pale kamera itakapokaa?

Chukua simu yako usimame mahali hasa utakapofunga kamera. Juu ya kioo kukiwa na 4G au LTE, kamera ya laini itafanya kazi. Ukiona H, huenda picha zikakwama. Ukiona E, sahau kutazama moja kwa moja. Nunua kamera inayorekodi kwenye memori kadi, au kengele ya ulinzi inayotumia laini kukupigia simu mlango unapofunguliwa. Jaribu laini za mitandao tofauti, kwa sababu minara haifanani.

Piga hesabu ya bando pia. Video yenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 15 kwa dakika mbili, MB 450 kwa saa, na zaidi ya GB 10 ukiiacha wazi siku nzima. Kwa hiyo acha kamera irekodi kwenye kadi, nawe ufungue pale tu inapokuletea taarifa. Kwa kasi hiyohiyo, kadi ya GB 64 hujaa baada ya siku tano hadi sita za kurekodi mfululizo, kisha huanza kufuta ya zamani. Na laini ya kamera isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, si la fundi.

3. Unataka kuona nini?

Kuona kwamba kuna mtu ni jambo moja, na kumtambua ni jambo jingine. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 inayotazama kwa upana mkubwa itakuonyesha mtu aliye mita 10 au hata 20, lakini sura ya mgeni usiyemfahamu itasomeka vizuri akiwa ndani ya mita 4 hivi. Usiku hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kamera moja iliyo karibu na geti au mlango wa zizi ina faida kuliko tatu zilizo juu ya paa zikitazama shamba zima. Ifunge kwenye kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu, isilitazame jua linapochomoza au kuzama. Taa zake za usiku huvuta wadudu, na buibui hufuata wadudu, kwa hiyo ondoa utando kila wiki. Kwenye boksi tafuta alama ya IP65 au IP66, inayoonyesha kwamba inahimili vumbi na mvua.

4. Taarifa ikija, nani atakwenda?

Kamera haimkimbizi mwizi. Kama unaishi Dar es Salaam na shamba lako liko Handeni, ujumbe wa saa nane usiku hauna maana bila mtu wa kumpigia. Panga mapema na jirani, na viongozi wa ulinzi wa kitongoji, na uwe na namba ya polisi kata. Kama huna mtu wa namna hiyo, fedha ileile huenda ikafanya kazi zaidi kwenye kufuli imara, taa ya nje na mbwa.

Picha ikishapatikana

Weka saa na tarehe sahihi kwenye kamera tangu siku ya kwanza. Tukio likitokea, nakili video kabla kadi haijaifuta, kisha uipeleke polisi. Usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp ukisema huyu ndiye mwizi. Picha ya usiku ya mtu aliyevaa kofia inaweza kufanana na kijana yeyote wa kijiji, na watu wakijichukulia sheria mkononi, asiye na hatia anaweza kupoteza maisha.

Usielekeze kamera kwenye ua wa jirani, bafu au kisima ambako watu huoga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni sehemu ya taarifa zake. Mwambie jirani kwamba umefunga kamera, na mfanyakazi wako pia ajue.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji aiwashe kamera mbele yako kwa laini yako. Programu iwekwe kwenye simu yako, kwa akaunti yako, na neno la siri la kiwandani libadilishwe palepale na wewe mwenyewe. Fundi akitumia akaunti yake, atabaki na uwezo wa kutazama boma lako akiwa kwake. Chukua risiti yenye muda wa dhamana. Anza na kamera moja, uiangalie kwa mwezi mmoja, ndipo uamue kama unahitaji ya pili.