Sikio Halina Spea: Kinga ya Masikio kwa Mafundi wa Injini za Meli

Hapa pwani ni nyumba chache zisizokuwa na mtu aliyekula mkate wa bahari. Wazee wetu wengi waliofanya kazi chini, kwenye chumba cha injini, wamerudi na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mkataba: masikio mazito. Mpaka umwite mara tatu ndipo ageuke. Redio yake inasikika kwa jirani, lakini adhana ya alfajiri haimwamshi. Sisi husema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake, ni kelele za miaka na miaka.

Makala haya ni ya vijana walio melini sasa, wanaosomea ubaharia, na wazazi wanaowaaga bandarini au uwanja wa ndege.

Kelele inavyopimwa

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kipimo hiki kinadanganya usipokielewa, kwa sababu kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Ndiyo maana wataalamu wengi huhesabu hivi: kwenye desibeli 85 mtu asizidi saa 8 kwa siku, kwenye 88 saa 4, kwenye 91 saa 2, na kwenye 100 ni dakika 15 tu.

Sasa shuka chumba cha injini. Ukisimama karibu na jenereta au turbo, si ajabu kukuta desibeli 100 hadi 110. Kwa hesabu hiyo hiyo, kwenye 110 sikio tupu linamaliza fungu lake la siku nzima kabla ya dakika 2 kwisha. Na zamu ni saa 4, mara mbili kwa siku, kwa miezi kadhaa.

Kinachoharibika

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye neva. Kelele kali huviua. Vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Pampu ikifa utaagiza spea, sikio halina spea.

Uharibifu huanza kwenye sauti nyembamba, kama hertzi 4,000. Kwa hiyo mtu hasemi "sisikii", husema "nasikia lakini sifahamu", kwa sababu herufi kama s, f na t zinampotea. Dalili nyingine ni mlio masikioni baada ya zamu. Wengi huuzoea na kuudharau, kumbe ndio onyo la mwanzo. Mlio huo unaweza kubaki maisha, usiku na mchana.

Sheria inasemaje

Shirika la kimataifa la masuala ya bahari, IMO, lina Kanuni ya Viwango vya Kelele Melini iliyopitishwa 2012. Tangu Julai 2014 ni ya lazima kwa meli mpya za tani 1,600 na zaidi. Inaweka kikomo cha desibeli 110 kwa vyumba vya mitambo na 75 kwa chumba cha kuongozea mitambo. Mahali panapozidi 85 pawe na alama mlangoni, na anayeingia avae kinga.

Kwa wanaofanya kazi nchi kavu hapa Kenya, kama vile karakana za kutengeneza meli, kuna kanuni za kelele za mwaka 2005. Mfanyakazi asipate zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikizidi 85 mwajiri awe na mpango wa kulinda masikio, pamoja na kinga, mafunzo na vipimo vya kusikia. Kwa hiyo ukiomba kinga usione haya, hujaomba hisani.

Kuchagua na kuvaa

Kinga ni za aina mbili kuu: vizibo vya kuingiza ndani ya sikio, na vifuniko vya kuvaa juu kama hedifoni. Pamba na karatasi ya chooni si kinga.

Kizibo cha sponji kina adabu yake. Nawa mikono kwanza, maana mikono ya mafuta huleta maradhi ya sikio. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kipanuke. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Kikiwa kinaning'inia nje, hujavaa kitu.

Vifuniko vinataka kugusana na ngozi pande zote. Kofia chini yake au miguu minene ya miwani hufungua upenyo. Sponji ya pembeni ikikauka na kupasuka, ibadilishwe.

Penye kelele kali zaidi vaa vyote viwili. Lakini usihesabu kwa kujumlisha: cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu.

Kosa kubwa ni kuvua. Kifuniko chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, ukikivua nusu ya zamu, faida yake yote inashuka hadi kama desibeli 3. Ukitaka kuzungumza, tumia ishara za mikono au ingieni chumba cha kuongozea mitambo. Wala usifiche spika za simu chini ya kifuniko kusikiliza muziki. Hiyo ni kelele juu ya kelele, na kengele ya hatari hutaisikia.

Kabla ya safari ya kwanza

Pima usikivu kabla hujaanza kazi na uweke nakala ya majibu. Cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka 2, basi kila unapokwenda kukipata linganisha majibu mapya na yale ya mwanzo. Ukishuka usikivu, hata cheti chenyewe kinaweza kukupita, na riziki pamoja nacho.

Mzazi, unapomfungia mwanao begi, tia na pakiti ya vizibo. Bei yake haifiki hata mlo mmoja wa biriani. Vifaa vya melini ni jukumu la mwajiri, lakini masikio ni ya mwanao, na akistaafu ndiyo atakayowasikilizia wajukuu zake, inshallah.