Umri wa Kuambiwa: Akili ya Mtoto Jandoni na Darasani, Nachingwea na Ruangwa

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambako Wamwera wamekaa tangu zamani pamoja na jirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, wazee wa kale hawakuwa na desturi ya kuhesabu umri wa mtoto kwa miaka. Waliupima kwa mambo anayoweza kuambiwa. Mtoto mdogo aliambiwa: lete, peleka, nyamaza. Aliyemzidi aliambiwa: linda mtama usiliwe na ndege, mwangalie mdogo wako. Jioni alitegewa vitendawili, na kwa majibu yake wakubwa walijua kama akili imeanza kuona jambo lililojificha nyuma ya jambo. Lakini yalikuwako maneno ambayo hakuambiwa kabisa mpaka apite jandoni, au, akiwa msichana, mpaka achezwe unyago.

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyesafiri katika bara ya Lindi mwaka 1906, akafika Masasi na Newala, aliandika habari za unyago katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Mgeni kama yeye aliweza kuona ngoma na mavazi. Lakini kiini cha mambo kilikuwa katika mafunzo. Wavulana walikusanywa baada ya mavuno, wakapelekwa kumbini, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko wiki nyingi, pengine miezi. Walifundishwa adabu, heshima ya wakubwa na kazi za mtu mzima, na aghalabu walifundishwa kwa nyimbo za mafumbo. Mwali hakutakiwa kuyaelewa yote siku ile, alitakiwa kuyashika. Maana yake ilimfungukia baadaye, alipooa, alipozaa, alipozika.

Hapana shaka kwamba katika desturi hiyo palikuwa na elimu ya kweli juu ya akili ya mtoto: ya kwamba neno laweza kupandwa kabla ya wakati wake wa kuota, mradi wapo wakubwa watakaolipalilia. Lakini palikuwa na kasoro pia. Aliyetoka kumbini alipewa jina jipya, akahesabiwa mtu mzima tangu siku hiyo. Mji ulimtangaza kwa siku moja, hali akili haikui kwa siku moja.

Kanisa la Kiingereza la misheni ya UMCA, lililoanza kazi Masasi mwaka 1876, lilijikuta mbele ya jambo hili. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hata 1944, hakutaka kulivunja jando. Aliliacha kumbi, akaliacha fundisho, akaweka sala za Kikristo mahali pa matambiko. Kwa wavulana jambo hilo lilishika mizizi. Kwa wasichana lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na siri zake walizilinda wenyewe.

Badiliko kubwa zaidi lililetwa na kalenda. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliifanya Nachingwea kuwa mji wa kazi za mshahara, na reli ikajengwa kutoka pwani. Reli ilifungwa mwaka 1962, lakini shule zilizidi kuenea, hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililohimiza elimu ya msingi kwa wote. Sasa mtoto alipimwa kwa darasa: wa miaka saba la kwanza, na kila mwaka kidato kipya cha ngazi. Jando na unyago vikalazimika kuingia katika likizo za Juni na Desemba. Maneno yaliyokuwa yakisemwa kwa miezi yakasemwa kwa siku chache, na mara nyingine kwa watoto wadogo kuliko wale wa zamani.

Wakati huohuo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiuliza swali lilelile kwa njia nyingine. Jean Piaget wa Uswisi, tangu miaka ya 1920, alionyesha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungukiwa na habari. Huwaza kwa namna yake. Maji yakimiminwa kutoka bakuli pana hadi chupa nyembamba, mtoto wa miaka mitano aghalabu husema yameongezeka. Wa miaka minane hujua ni yaleyale. Kuwaza mambo yasiyoonekana, kama vile matokeo ya mbali ya tendo, huanza kukomaa karibu na miaka kumi na miwili na kuendelea. Wachunguzi wa baadaye walimsahihisha: umri hutofautiana kwa malezi na kwa jinsi swali linavyoulizwa. Naye Lev Vygotsky wa Urusi alisisitiza kwamba mtoto huweza kwa msaada wa mkubwa jambo asiloliweza peke yake. Kungwi wa Ruangwa asingeshangazwa na neno hilo.

Basi hatari ipo hapa. Binti wa miaka kumi aliyechezwa wakati wa likizo huyasikia maneno ya ndoa, kisha hurudi nyumbani akiambiwa, "Umekua." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Mahakama ilitazama haki na usawa. Historia ya Nachingwea na Ruangwa yaongeza sababu nyingine. Desturi ilikuwa na sehemu mbili, neno na muda wa kulielewa. Neno limebaki, muda umekatwa. Na mtoto anayeachiwa neno peke yake hana wa kumfungulia fumbo.